Ernst May, Mjerumani Aliyewajengea Wachaga Ofisi

Ukimwambia mtu hapa Voi kwamba baada ya kidato cha nne unataka kusomea usanifu wa ndani ya majengo, atakuuliza papo hapo kama utakuwa ukiuza mapazia. Mwingine atadhani ni kazi ya kupaka rangi. Nilipolitaja jambo hili katika kikao cha chama chetu cha Kiswahili, wanachama waliangua kicheko, na mmoja wao (simtaji, anajijua) akataka nimpunguzie bei ya makochi. Basi nimeona heri nijibu kwa kalamu. Nitawasimulia maisha ya hayati Ernst May, msanifu majengo aliyezijua sehemu mbili kabisa za dunia, Ujerumani ya baridi na Afrika Mashariki yetu ya jua kali. Jengo lake mojawapo si mbali na sisi. Ukifika Taveta, ukavuka mpaka wa Holili, ukaingia Moshi mjini, liko pale. Akina mama wa Taveta wanaokwenda kununua bidhaa Moshi wanalipita kila mara, na sidhani wengi wao wamewahi kumsikia mtu huyu.

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisomea usanifu wa majengo kwao Ujerumani, na kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi London katika ofisi ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyesifika kwa kupanga mitaa yenye bustani. Nyakati hizo wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya waliishi maisha ya dhiki. Familia nzima ilibanana katika chumba kimoja, choo kilikuwa cha watu wengi, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Kifua kikuu kiliwamaliza watu. Kwa Unwin kijana May alizoea kuanza na jua, hewa na mahali pa kupanda mboga, ndipo aje kwenye sura ya nyumba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alikwenda vitani kama vijana wenzake. (Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotuletea reli ya Voi kwenda Taveta, Waingereza wakiijenga kuanzia 1915 ili wafikishe askari mpakani mwa koloni la Wajerumani. Lakini May hakupigana huku kwetu.) Vita vilipokwisha alipelekwa mashariki mwa Ujerumani kusimamia ujenzi wa nyumba za bei nafuu vijijini, na mnamo 1925 mji wake wa kuzaliwa ukamwita nyumbani, akawa mkuu wa ujenzi wa mji mzima.

Hapo ndipo jina lake lilipopaa. Frankfurt ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba, fedha zikiwa haba. Katika muda wa miaka mitano tu, ofisi ya May ilijenga zaidi ya nyumba 12,000. Walitengeneza mabamba makubwa ya kuta kiwandani, kisha wakayainua kwa mashine na kuyapanga kama mtoto anavyopanga vibao. Katika mtaa mmoja nyumba ziligeuzwa kimshazari, moja ikichomoza mbele ya nyingine, ili kila familia ipate jua lake. Watu wakaupachika mtaa huo jina la zigizaga. Kule jua ni mali, manake wakati wa baridi halionekani siku nyingi.

Lakini kilichonifanya mimi nimpende mzee huyu si nyumba zake bali ni jiko. Naam, jiko! May alitambua kwamba watu wakisema mahali pa kazi hufikiria kiwanda, ofisi na karakana, wakamsahau mtu anayefanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku bila mshahara. Huyo ni mama wa nyumbani, na mahali pake pa kazi ni jikoni. Basi akaamua kwamba jikoni pasanifiwe kwa makini ya kiwanda.

Kazi hiyo hakuifanya yeye mwenyewe. Alimwita msanifu wa kike kutoka Vienna, Margarete Lihotzky, ambaye mwanzoni mwa 1926 alijiunga na ofisi yake. Hapa niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu wasichana wenzangu wanafaa kumjua. Lihotzky alizaliwa mwaka 1897. Alipotaka kusomea usanifu walimwambia wazi kwamba hakuna atakayempa mwanamke kazi ya kujenga nyumba. Hakusikia. Mwaka 1917, akiwa bado mwanafunzi, kukatangazwa shindano la kuchora nyumba za wafanyakazi. Mwalimu wake akamtaka kwanza aende katika mitaa ya wafanyakazi aone kwa macho yake wanavyoishi, ndipo ashike penseli. Akaenda, akaingia nyumba za watu, akaona watu wanane au tisa wakilala chumba kimoja. Aliporudi akachora, na tuzo akaishinda.

Jambo la kushangaza ni kwamba alipopewa kazi ya kuchora jiko la Frankfurt, Lihotzky alikuwa hajui kupika! Alikiri hivyo mwenyewe alipokuwa mzee. Nadhani hiyo ndiyo ikawa bahati yake, kwa kuwa hakuweza kujidai anajua. Ilimbidi achunguze. Alitumia saa ya kupima muda, akafuatilia mtu anachukua dakika ngapi kutoka meza ya kukatia hadi kwenye sinki, kutoka sinki hadi jiko, kutoka jiko hadi kabati ya sahani. Alichunguza pia jiko la ndani ya garimoshi, ambalo ni jembamba kama kichochoro na bado hulisha behewa zima.

Jiko lililotokana na uchunguzi huo lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Ni kama kibanda cha mama mboga. Lakini wacha nikueleze kilichokuwa ndani. Meza ya kukatia iliwekwa chini ya dirisha ili mpishi aone anachokata, na mbele yake stuli ya kuzunguka ili asisimame kutwa nzima. Mezani palikuwa na tundu na droo ya kupokea maganda, unayasukuma tu yanatumbukia. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa ilitembezwa kwenye reli hadi pale unapoihitaji. Mchele, sukari na vitu kama hivyo vilikaa katika visanduku vya alumini vyenye mkono na mdomo, hivyo unamimina moja kwa moja bila kijiko. Unga uliwekwa katika kisanduku cha mti wa mwaloni ambao wadudu hawaupendi. Rangi ilikuwa ya buluu kwa sababu iliaminika nzi hukwepa rangi hiyo. Na mlango wa kusukuma kando uliachwa wazi kuelekea sebuleni ili mama amwone mtoto anachezea nini. Majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt.

Baada ya kusoma habari hii nilichukua daftari siku ya Jumamosi, nikaketi kizingitini na kuhesabu hatua za mama yangu akipika ugali na mchicha. Kutoka mtungi wa maji hadi jikoni kwetu ni hatua kumi na moja. Aliuendea mtungi huo mara tisa. Kwenda na kurudi, ni hatua mia moja tisini na nane kwa ajili ya maji peke yake, na hajaosha sufuria! Mama aliniuliza kama nimekosa kazi ya shule. Nilipomwonyesha hesabu akanyamaza, halafu akaniambia nimsaidie kuusogeza mtungi. Sasa ni hatua mbili. Baba hulalamika kwamba unamgonga goti akiingia gizani, lakini mama amesema mtungi hauondoki.

Hata hivyo, si kila mtu alilifurahia jiko la Frankfurt. Walikuwako wanawake walionung'unika kwamba ni dogo mno, watu wawili hawapishani, msichana hawezi kukaa na mama yake wakamenya viazi pamoja. Lilimpunguzia mpishi hatua, likampunguzia na wenziwe pia. Nakubaliana nao. Kwetu jikoni ni baraza, habari zote za mtaa hupikiwa pale pamoja na maharagwe. Ukimfungia mama wa Kitaita katika kichumba cha mita mbili peke yake, ataugua upweke kabla ya kuugua mgongo. Lihotzky alihesabu hatua vizuri sana, lakini mazungumzo hayahesabiki kwa saa.

Mnamo 1930 May aliondoka Ujerumani na kikosi cha wasanifu wenzake, Lihotzky akiwemo, wakaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda kama Magnitogorsk. Mambo huko yalimwendea mrama. Amri zilibadilikabadilika, vifaa havikuwapo, na mwaka 1933 mkataba wake ukafikia tamati. Kurudi kwao hakuthubutu, kwa kuwa mwaka uo huo Wanazi walitwaa serikali, nao walimchukia kwa kazi zake na kwa asili ya Kiyahudi ya familia yake. Mtu aliyejengea maelfu ya watu nyumba akawa hana pa kukaa!

Alichagua Afrika. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha na kuwa mkulima. Hebu fikiria, mkuu wa ujenzi wa mji mkubwa, sasa anaamka kukagua mimea. Lakini penseli haikumtoka mkononi. Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Vita vya Pili vilipoanza, Waingereza walimkamata kwa kuwa ni Mjerumani, wakamfunga Afrika Kusini kwa muda wa miaka miwili hivi. Wajerumani walimfukuza kwa kuwa si Mjerumani wa kutosha, Waingereza wakamfunga kwa kuwa ni Mjerumani. Dunia ina vituko.

Alipoachiliwa alirudi kwenye kazi yake, na hapa ndipo naona ukubwa wa akili yake. Kule Frankfurt alitumia miaka yote kulikaribisha jua. Huku jua halihitaji kukaribishwa, linaingia bila hodi. Mtu mwingine angechukua ramani zake za Ulaya akazisimamisha hapa vile vile, na majengo ya aina hiyo tunayaona, yenye vioo vikubwa vinavyotazama magharibi, wafanyakazi ndani wakijipepea kwa faili. May aliupindua usanifu wake juu chini. Alitandaza majengo yake ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, nazo pande fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Madirisha aliyakinga kwa vizuia jua. Matundu ya hewa aliyapanga pande mbili zinazoelekeana, hewa baridi iingie huku, ya moto itokee kule, tena juu karibu na dari, kwa sababu hewa ya moto hupanda.

Mwalimu wetu wa Jiografia alituonyesha kwenye ramani kwamba Voi na Moshi ziko karibu kwenye latitudo moja, digrii 3 na kitu kusini ya ikweta. Kwa hiyo jua alilolipimia May kule Moshi ndilo hili hili letu. Tofauti ni kwamba sisi tuko chini zaidi na joto letu si mchezo. Ukitaka kuamini, ingia katika kibanda chochote cha mshonaji chenye paa la mabati hapa mjini saa nane mchana mwezi wa Februari. Mlango mmoja, hakuna tundu nyuma. Mshonaji hufunga kazi mapema, si kwa uvivu, bali jasho linadondokea kitambaa cha mteja. Tundu la pili ukutani lingempatia saa mbili za kazi kila siku.

Sasa nifike Moshi. Wachaga walianza kujiunga pamoja kuuza kahawa yao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha ushirika cha KNCU. Haikuwa rahisi, kwa sababu walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime kahawa wala aiuze mwenyewe. Huku Kenya Waafrika wengi walizuiwa kuilima kwa miaka mingi. Bei ilipopanda baada ya vita, chama kilipata fedha, na wanachama wakaamua kujijengea makao makuu yao katikati ya mji. Wakamwajiri Ernst May. Jengo lilijengwa kuanzia 1949 hadi 1952.

Tafakari jambo hilo kidogo. Ni wakati wa ukoloni. Ofisi nzuri ni za Wazungu, Mwafrika akiingia humo ni tarishi au mfagiaji. Na hapa ni wakulima wa migombani wanaomlipa msanifu mashuhuri wa Ulaya kwa fedha za kahawa yao wenyewe, awachoree mahali pao pa kazi.

May hakuwachorea mlolongo wa vyumba vyenye makarani tu. Mkulima anayetoka mlimani na shida yake hana mahali pa kula wala pa kulala, na akikosa kuhudumiwa leo itambidi angoje kesho. Kwa hiyo katika jengo hilo mliwekwa maduka chini, ofisi juu yake, ukumbi wa mikutano, maktaba, mahali pa kula na vyumba vya kulala wageni. Juu kabisa unasimama unautazama mlima Kilimanjaro. Yaani ofisi ilifanywa mji mdogo. Karani ana dirisha lake, mwenye duka ana wateja, na mkulima ana kitanda. Kwa fikira zangu hiyo ndiyo kazi yake bora kupita zote, hata kupita zile nyumba 12,000, kwa sababu hapa mwenye kuketi katika jengo ndiye aliyekuwa mwenye jengo.

Alifanya kazi nyingine pia. Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan, na Kampala alichora Jumba la Makumbusho la Uganda lililofunguliwa mwaka 1954, lenye mwanga unaotoka kwenye madirisha ya juu na hewa inayopita bila mashine. Msimamizi wa makumbusho hayo wakati huo, Klaus Wachsmann, naye alikuwa Mjerumani aliyekimbia Wanazi, na alikuwa bingwa wa muziki wa Kiafrika. Ala zilizowekwa humo zilipigwa na wanamuziki hasa, hazikuachwa zikusanye vumbi.

Isidhaniwe kwamba namfanya malaika. La hasha. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, na humo aligawa watu kwa rangi zao, Waafrika waishi Naguru, Wazungu na Waasia kwingine, mabonde ya kijani yakiwatenga. Aliamini kwamba Mwafrika yuko nyuma na anahitaji kuongozwa hatua kwa hatua, na kwamba Mzungu ndiye mwongozaji. Mwaka 1945 alibuni pia nyumba ya mabamba ya saruji kwa ajili ya Waafrika, yenye umbo lililochongoka kama kibanda cha asili. Haikushika. Mimi naiona hivi: huko Kampala alikuwa akiambiwa na watawala watu wanahitaji nini. Moshi aliambiwa na wenyewe. Mtu ni yule yule na penseli ni ile ile, lakini tazama tofauti ya kazi.

Mwishoni mwa 1953, Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari, May alifunga virago akarudi Ujerumani baada ya miaka ishirini hivi ya kuishi kwetu. Miji ya huko ilikuwa magofu kwa sababu ya mabomu, na yeye akiwa mzee wa miaka 67 akaanza upya kujenga nyumba za watu, makao yake yakiwa Hamburg. Huko ndiko alikoaga dunia tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84. Lihotzky, ambaye Wanazi walimtia gerezani kwa kuwapinga, aliishi hadi Januari 2000 akabakisha siku chache tu atimize miaka 103.

Nyumba moja katika mtaa wa Römerstadt, mjini Frankfurt, sasa ni makumbusho ya May, na jiko lile limerejeshwa lilivyokuwa, buluu yake, visanduku na stuli. Huko ni mbali, nauli yake hatuna. Lakini wenzetu wa Taveta wanaokwenda Moshi likizoni, nawaomba mfike kwenye jengo la KNCU mchana, jua likiwa kali. Simameni ndani, mtazame kivuli kinaangukia wapi na hewa inaingilia wapi, kisha mniletee majibu katika kikao cha muhula ujao. Nina fundi mmoja wa mabati hapa Voi ambaye amekubali kutoboa ukuta wa nyuma wa kibanda cha mshonaji wetu, lakini anataka kujua atoboe juu kiasi gani.